Baba Hakumeza

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumatano asubuhi, tarehe kumi na mbili.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi hajambo? Kile kikohozi chake cha baridi kimemwachia, au bado anakohoa huku anakataa dawa? Watoto je, wanakua? Yule mdogo mwambie shangazi yake ameiona picha ya jino lililong'oka, akacheka peke yake jikoni kama mwehu. Sisi huku wazima, kwa jibu la adabu. Shemeji yako mzima, na mgongo wake ni ule ule. Mimi mzima kwa maana ya kwamba natembea.

Baba si mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua unavyosoma barua: unasoma salamu, unaruka katikati, unakwenda mwisho kuona nani kasalimiwa. Leo usiruke, nakuomba.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikishika simu, Baba yuko pale kwenye kiti chake, masikio yote kwangu, nami naishia kusema tunaendelea vizuri mpaka najichukia. Nikitoka nje kukupigia, wewe uko kazini, unanong'ona kwamba utanipigia baadaye. Haya, binti wa jirani, yule muuguzi, anarudi huko kesho. Nimemwagiza akukabidhi barua hii mkononi na asiondoke kabla hujaimaliza. Ukimwona kakuganda mlangoni, usimshangae.

Jambo lenyewe ni ile picha niliyokutumia Jumamosi, Baba akiwa na kipande cha jibini mdomoni, macho kayafumba. Ulinijibu hapo hapo: "Mungu mkubwa, mzee amekula!" Jioni ukaniandikia tena kwamba basi, kwa kuwa hali imetulia, safari umeisogeza mpaka kazi zipungue. Kaka yangu, hali haijatulia. Baba hakula.

Nianze mwanzo. Tangu tumzike Mama, Baba amekuwa akipunguza chakula taratibu, kama mtu anayehama nyumba kwa siri. Kwanza aliacha mkate, kisha akaacha nyama, sasa ni maji na chai ya sukari. Wala hagombi. Anasema, "Asante mwanangu, weka hapo," nami naweka hapo, na pale pale kinapoa mpaka kinafanya ngozi juu. Nimempikia kila ninachojua na vingine nisivyovijua. Nimembembeleza, nimemfokea, nimelia mbele yake. Kulia ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana alinifuta machozi kwa leso yake, akaniambia niende nikapumzike, na sahani akaiacha vile vile.

Saa yake ya mkononi, akiinua mkono, inateleza mpaka kwenye kiwiko. Shemeji yako amemtobolea tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Daktari amempima kila mahali na hakuona kidonda wala uvimbe. Alinivuta pembeni kwenye korido akaniambia niwaite ndugu wanaohitaji kuitwa, kwa sababu mwili wa umri ule ukianza kuporomoka hausimami kungoja mtu. Nikamwambia ndugu ni mmoja tu, na yuko mbali.

Ndipo likanijia wazo la jibini. Wewe mwenyewe unajua, Baba amemaliza nguvu zake zote kwenye kile kiwanda cha maziwa, muonjaji wa kitengo cha jibini. Sisi tumelelewa na harufu ya koti lake. Shemeji yako akasikia kwa mteja wake kwamba huko nyuma ya machimbo ya kokoto kuna shamba la mbuzi wa maziwa, na wageni wanaruhusiwa kuingia, wakaona kazi, wakaonja. Nikasema, kama kuna kitu duniani cha kumfungua mdomo huyu mzee, ni hicho. Nilikuwa sina pa kushika pengine.

Mwenye shamba ni mama mmoja wa mabega mapana, wafanyakazi wake wote wanamwita Kamanda, na ukimsikia akiwaita mbuzi utajua kwa nini. Alitupa mabuti ya mpira na vilemba vya nailoni. Shemeji yako akavaa chake upande upande, akafanana na bibi harusi aliyekimbia. Hata mbuzi mmoja alikuja kumkagua, akaanza kumtafuna mkono wa shati. Nikaona mdomo wa Baba ukicheza. Kaka, niliushika mkono wa shemeji yako nikaufinya mpaka akalia "aisee!"

Tukaingia chumba cha kazi, kuta nyeupe, sakafu imemwagiwa maji. Maziwa yalikuwa kwenye sufuria kubwa ya chuma, yameshapashwa na kutiwa dawa ya kugandisha. Kamanda akasema kila mgeni apitishe kidole chake safi aone yalivyoshika. Watu wakachovya huku wakicheka. Baba alinawa hadi viwiko, akaingiza kidole kimoja kwa chini, akakiinua polepole, akayatazama maziwa yanavyopasuka juu ya kidole. "Bado kidogo," akasema. Kamanda akapitisha chake, akakubali, kisha akamuuliza, "Mzee, wewe ulikuwa umejificha wapi?" Kuanzia hapo wakawa wawili wale, sisi wengine ni watazamaji. Walikata yale maziwa mgando kwa kisu kirefu, wakayachota kwenye vikopo vyenye matundu, na maji yakawa yanachuruzika chini. Baba alisimama muda wote huo bila fimbo. Nikamsogezea kiti kwa nyuma, nikajifanya si mimi.

Halafu ikaja meza ya kuonja. Lilikuwepo jibini bichi la jana yake, lilikuwepo lililoviringishwa kwenye pilipili manga, na lilikuwepo kongwe, gumu, la rangi ya mfupa. Baba alichukua kipande, akakinusa, akakisugua kati ya vidole, akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Nikapiga ile picha. Kwa haraka nilipiga tatu, mbili zimetoka ukungu. Nikakimbia nje kutafuta mtandao, nikaupata juu ya mawe nyuma ya zizi, nikakutumia, ukanijibu, nikaruka ruka pale juu kama nimeshinda kitu. Shemeji yako alinifuata akanikumbatia mbele za watu, na unajua hata nyumbani hana mtindo huo.

Niliporudi ndani, Baba alikuwa kainama. Chini ya meza kulikuwa na ndoo ndogo ya plastiki, ambayo mimi niliidhania ya takataka. Alikuwa anatema. Kwa utaratibu kabisa, mkono kaziba mdomo. Anachukua kipande, anatafuna, anakizungusha mdomoni, anatema, anasukutua kwa maji, anatema tena, kisha anamwambia Kamanda: hili limezidi chumvi, hili mmeliondoa rafuni kabla halijakomaa, hili zuri, hili msilibadilishe. Kamanda anaitikia kwa furaha, wageni wote wanafurahi. Nilichungulia ile ndoo, Kaka. Vyote vilikuwa mle.

Sisi, watoto wa muonjaji, hatukuwahi kujua kwamba muonjaji hamezi! Umekaa meza moja naye utoto wako wote, nami pia, tukimwona akirudi kazini na njaa ya simba, na hakuna aliyejiuliza mtu anayeshinda mdomo wazi mbele ya jibini anapata wapi njaa ile. Niliijua harufu ya koti nikadhani nimeijua kazi.

Nikapiga kelele. "Baba, meza! Meza basi!" Hivyo hivyo, kama kwa mtoto, mbele ya wageni. Alijifuta mdomo, akanitazama bila hasira. "Hapa sili, mwanangu. Hapa niko kazini." Watu wakacheka, wakaona ni utani wa baba na binti. Mimi nikatoka nje.

Tukaingia garini kurudi nyumbani. Kamanda alikuwa ametufungia jibini kwenye karatasi, nami nimelipakata mapajani, natamani kulitupa dirishani. Mwisho nikashindwa. Nikageuka nikamuuliza: "Baba, kwa nini huli? Niambie mimi." Aliirudisha saa yake kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kisha akasema, "Nile na nani?"

Nikawaka. Na mimi je? Si nipo? Si nashinda miguuni pako tangu asubuhi? Akasema, "Wewe huli nami. Wewe unanilisha."

Shemeji yako alitoa mguu kwenye mafuta, gari likapunguza mwendo lenyewe. Na ni kweli. Tangu Mama aondoke, namletea sahani, nasimama kando nimekunja mikono, naangalia koo lake kama askari wa zamu. Yeye akishindwa, narudi jikoni nakula nimesimama, kutoka kwenye sufuria, na mwiko. Mama hakuwahi kumwekea chakula akamwacha nacho. Hata wakiwa wamenuniana walikula sahani zikigusana.

Basi Jumapili mchana nikatandika kitambaa. Nikaketi, shemeji yako akaketi, nikapakua, nikala. Macho nikayafunga kwenye sahani yangu, na wewe unanijua, hilo lilinigharimu kuliko kazi yoyote. Baba akamega mkate, akaweka jibini la Kamanda juu yake. Kwa kuwa macho nimeyakataza, nikawa nasikiliza. Alitafuna. Alitafuna sana. Halafu nikasikia koo lake likifanya kazi. Kaka, alimeza. Akarudia tena, na tena. Nilikuwa nimeshika uma kwa nguvu mpaka kidole kikafa ganzi.

Kisha akaweka mkate chini, akatazama kiti chako, kile cha dirishani. "Na mwenzetu?" akauliza. Nikasema yuko kazini, mbali. "Anakuja?"

Ungejibu nini ungekuwa mimi? Ujumbe wako wa kusogeza safari ulikuwa mfukoni mwangu, ndani ya simu. Nikasema, "Yuko njiani, Baba." Akaitikia kwa kichwa, akasukuma sahani katikati ya meza, akasema, "Basi tumsubiri."

Tangu hapo ndivyo ilivyo, asubuhi, mchana na jioni. Anakula tonge mbili tatu, anamezea kwa maji, anaweka chini, anakusubiri. Usidhani akili imemtoka. Anajua leo ni siku gani, anajua Mama yuko wapi, jana kamkosoa shemeji yako hesabu ya mafuta ya gari. Ni ustaarabu wake tu: watu hawamalizi chakula na mmoja yuko njiani. Lakini tonge mbili tatu si chakula, na mkanda unahitaji tundu jingine, na upande ule ngozi ya mkanda imekwisha.

Nisikilize vizuri sasa. Usinitumie yale makopo ya unga wa nguvu, nina rafu nzima imejaa, hataki hata kuyaona. Usimpigie simu kumwambia ale, ameshaambiwa na kila mwenye mdomo. Hata mimi usinipe pole. Mwajiri wako akikataa, gombana naye. Najua kwa msiba atakuruhusu siku hiyo hiyo, tena kwa heshima zote. Ukisubiri ruhusa ya namna hiyo, utaipata, lakini usije kugonga kwangu. Nasema hivi na nakupenda, na mkono unaniuma, na nimeshaharibu karatasi mbili kabla ya hii.

Msalimie sana wifi, mwambie anisamehe kwa kumwondolea mume ghafla, nitamrudisha. Wabusu watoto. Shemeji yako anakusalimu, anasema njia atakayopita ya kukupokea anaijua hata usiku wa kiza. Mungu akufungulie milango yote iliyo kati yako na sisi, akufikishe salama, akukutanishe na Baba akiwa angali anaketi mezani.

Nisingeweza kumwambia vinginevyo, Kaka. Nimeshamwambia uko njiani. Ondoka huko sasa hivi, nisiwe nimemdanganya.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Kidomo