Mpangaji Wangu na Neno Buyag

Argao, Jumatatu

Kwako Manang Purisima, dada yangu,

Pokea salamu zangu huko Cagayan. Natumaini goti limepoa, na shemeji anameza dawa bila kugombezwa. Sisi tu wazima. Mjukuu wangu Elmo aliugua lakini sasa ananyonya vizuri.

Barua yako nimeipata. Umeniamuru nimfukuze mpangaji wangu, Nong Cleto, yule mwalimu mstaafu, kwa kuwa mjane hakai nyumba moja na mwanamume watu wakanyamaza. Subiri nikueleze alivyo, uone kama nilihitaji kuamriwa.

Kuzaliwa kazaliwa hukuhuku kwetu, ila kufundisha Manila kumemharibu. Samaki mkavu anamkata kwa kisu na uma. Anaandika kitabu cha maneno yetu na maana zake kwa Kiingereza, basi kila nikikanda unga wa mikate yangu ya torta yuko mlangoni pa jiko, ananisaili kama polisi. Siku ya neno buyag nilitamani kumpiga na mchi. Alidai kwa Kiingereza ni jicho baya. Nikamwambia hapa hakuna aliyetaja jicho. Mtu humsifu mtoto kwa mdomo wake, na asipotanguliza "puera buyag", yaani buyag ikae mbali, mtoto anaugua, hata kama aliyemsifu anampenda kupita kiasi. Akasema basi ni laana. Nikamuuliza tangu lini watu wakalaaniana kwa mapenzi. Akajaribu uchawi, akajaribu husuda. Nikamwambia aende akaoge, ananuka wino.

Sasa sikia ujinga wa msomi. Jioni hiyohiyo alimbeba Elmo, akasema mtoto huyu mnene, mweupe, mzuri kuliko wote wa Argao. Puera buyag hakuitaja. Ameniuliza siku nzima, na bado akaisahau.

Usiku mtoto akatapika, tumbo likajaa. Zahanati wakatupa chumvi za kunywa, tukampa. Kulipokucha bado analia, na binti yangu Marivic akamwangukia Cleto miguuni, akamsihi apake mate yake kwenye tumbo la mtoto, maana aliyesifu ndiye anayeondoa. Unajua alijibu nini? Kwamba mate yana vijidudu, na kwamba yeye ana shahada. Mwanangu yuko sakafuni analia, na yeye ana shahada!

Manang, nililitupa begi lake getini, na viatu vikafuata. Nikamwambia akalale na Kiingereza chake. Alikwenda kupanga chumba karibu na kanisa. Kwa hiyo amri yako ilitimizwa kabla barua haijafika.

Kesho yake, baada ya misa, wanawake wamejaa getini kusubiri torta, namwona huyo anakuja, shati halijapigwa pasi. Akaomba mtoto. Wale wanawake, kama unavyowajua, wakaanza: mwalimu kaja kufanya mtihani, mwalimu kaishiwa mate kwa kusoma. Alilamba kidole gumba mbele yao wote, akampaka Elmo tumboni, masikio yamemwiva kwa aibu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba haamini hata chembe, lakini mama wa mtoto anaamini, na hakupaswa kumwacha chini vile.

Mtoto akapona. Kama ni chumvi au mate, sijui, na wala sijali. Nilimuuliza neno lenyewe ataliandikaje. Akasema Kiingereza kimemshinda, ataeleza tu tunachofanya. Angalau hapo ametumia kichwa.

Sasa nisikuzungushe. Siku hiyohiyo, huku akila torta kwa uma, aliniomba nimkubali, nami nimemkubali. Usiniulize nimeona nini. Ni mbishi, hajui kuchuma hata majani ya malunggay ya mboga, anakoroma mpaka mbwa wa jirani wanabweka. Nampenda, Manang, na inaniudhi.

Jumapili ndugu zake wanaleta posa, pamoja na nguruwe wa kuchoma. Mama hayupo, na kiti chake ni chako. Kwa desturi wewe ndiye wa kuwajibu. Njoo umtukane utakavyo, nitakusaidia. Lakini ukikataa kuja, nitakaa kwenye kiti hicho mwenyewe, na nitawajibu ndiyo.

Msalimie shemeji na watoto wote. Marivic anakuamkia kwa heshima.

Mimi mdogo wako asiyesikia,
Felisa