Penalti Ilikuwa Halali

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonidai miaka ishirini na miwili ya kukimbia na filimbi. Wewe na duka lako la miwani mnaendeleaje?

Nakuandikia nikiwa na hasira, sikufichi. Jana niliandika kwenye jukwaa la mashabiki kwamba penalti tuliyopigiwa ilikuwa halali. Beki wetu alishika mpira, kila mwenye macho aliona. Basi! Kufika mchana, watu mia mbili na kumi walikuwa wamenivaa. Msaliti! Kibaraka! Mmoja anajiita Nyundo, kaniandikia mara kumi na nane, ati nikapimwe macho. Nusura nimwelekeze dukani kwako.

Najua wewe ndiye msimamizi. Usinitetee, watasema mtoto anambeba babaye. Najitoa tu. Tangu nistaafu urefa, pale ndipo nilipokuwa napiga soga za mpira. Sasa nitabishana na redio.

Baba yako

Jumatano, 6 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti, na pole zaidi na hao watu. Huku ni wazima wote, wateja wanakuja.

Usijitoe kwanza. Nilitaka kuwafungia wote mia mbili na kumi, kidole kilishakuwa tayari. Nikakumbuka ulivyofanya wachezaji wakikuzingira: unarudi nyuma, unanyamaza, unamwita nahodha peke yake. Nikafuta matusi, nikafunga mjadala kwa saa mbili, kisha nikamwandikia Nyundo faraghani: "Kaka, kuna nini?"

Kumbe ni fundi wa kuchomelea, na yule beki ni mwanawe wa kumzaa. Kijana hajala vizuri tangu Jumapili. Wengine walikuwa wanafuata mkumbo tu. Nilipofungua mjadala, nusu yao walikuwa wanagombania rangi ya jezi.

Mwandikie, Baba. Nakuomba.

Bintiyo

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, tena sana.

Nilimwandikia hivi: "Penalti ilikuwa halali, na mwanao ndiye beki bora tuliye naye." Kumbe anaishi mtaa wa tatu kutoka hapa! Jana kagonga geti, akaliangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Mzee, hili geti alikuchomelea nani, adui yako?" Tukacheka, tukatazama mechi pamoja. Bado anasema haikuwa penalti. Jukwaani nimerudi.

Baba yako

Jumapili, 17 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Jana tulipofungwa ulimwita kipa wetu chandarua kilichotoboka. Watu mia tatu wakadandia, hadi mke wake akatukanwa. Baba, safari hii uliyewasha moto ni wewe.

Nimekufungia siku kumi, kama ambavyo ningemfungia mwingine yeyote. Tafadhali nijibu, hata kwa kunigombeza.

Bintiyo

Jumapili, 24 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Samahani kwa ukimya. Siku tatu nilinuna kama mtoto aliyenyimwa mpira. Nilimwomba Nyundo aniandikie jukwaani kwa simu yake, akakataa katakata: "Mzee, kadi ni kadi." Siku ya nne nikamwandikia kipa na mkewe, nikawaomba radhi. Wamenisamehe.

Nimetoa kadi maisha yangu yote, sikuwahi kupewa. Inauma! Lakini watu walikuwa wanakutazama waone kama utambeba baba yako, nawe hukunibeba. Nimetembea mtaa mzima nikijisifu kwamba nimefungiwa na binti yangu. Wananishangaa.

Jana tumeshinda tatu bila. Kijana wa Nyundo kafunga kwa kichwa, babaye kanikumbatia karibu anivunje mbavu, nami sina pa kulisema hili mpaka Jumatano. Kwa hiyo kaa vizuri, funga duka hata kama kuna wateja. Karatasi sita zinazofuata ni mechi yote, kuanzia dakika ya kwanza.

Baba yako, mfungwa