Majina Ndani ya Jalada

Mama yangu uliyelala Muyinga,

Wanafunzi wangu wanataka kuandika majina yao kwenye jalada la albamu, nami tangu asubuhi nimeingiwa na hofu. Ni wewe tu ambaye ungeelewa kwa nini.

Unaikumbuka ile kwaya ya kwanza? Nilikuwa mwalimu mpya wa kuchora hapa Gitega, najiona fundi kuliko mafundi wote. Wanafunzi walikuwa wamerekodi kaseti, nikawaambia jalada tutalitengeneza wenyewe. Tulipima kasha kwa rula, tukakunja karatasi mara tatu: mbele picha ya ngoma, nyuma nyimbo, ndani waimbaji. Tulitoa nakala kwenye duka la fotokopi, kisha darasa zima likapaka rangi kwa mkono. Kwetu mtu akijitambulisha hutaja jina, baba yake na mlima wa kwao, yaani kijiji chake. Basi nikawaambia waandike hivyo hivyo. Espérance wa Ryansoro ndiye aliyeandika orodha yote, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa kwangu.

Likizo ilipofika nikakuletea katoni nzima ya kaseti uniuzie sokoni, kando ya cherehani yako. Vurugu zikaanza nikiwa hapo nyumbani. Tulisikia watu wanasimamishwa barabarani, wanaulizwa ni nani na wametoka wapi, na wengine hawaonekani tena. Ulichukua jalada moja, ukavaa miwani, ukasoma ndani mpaka mwisho. Halafu ukaniambia taratibu, "Mwanangu, hii haiko karatasi ya muziki. We umewaandikia watu njia ya kufika kwa hawa watoto."

Ulifunga mlango mchana kweupe, ukatoa mkasi wako wa kukatia vitenge, tukakata kipande cha ndani cha kila jalada na kukitia kwenye makaa. Ulitupia udi juu yake ili majirani wasisikie harufu ya karatasi. Kila aliyepita nje nilidhani anakuja kwetu. Wewe ukanitania kwamba mwalimu mzima sijui kukata mstari ulionyooka, nikacheka huku machozi yananitoka.

Uliniuliza kama kuna majalada mengine yaliyobaki nje. Nikasema hakuna. Nilikudanganya, mama. Siku niliyosafiri kuja kwako, pale kituo cha magari Gitega, nilikuwa nimegawa manne kwa watu nisiowajua, kwa majivuno tu, waone kazi ya wanafunzi wangu.

Shule ilipofunguliwa Espérance hakurudi. Wengi hawakurudi, kila mmoja kwa sababu yake, na ya kwake sikuthubutu kuiuliza. Ryansoro si mbali na hapa. Miaka yote hii sijakanyaga huko, kwa kuogopa kumkuta mama yake mlangoni. Nawe ulifariki ukiamini hakuna lililobaki.

Sasa hawa wa leo. Nawafundisha rangi, herufi na mpangilio wa jalada, lakini ukurasa wa majina nimeuruka kila mwaka, nikisingizia kwamba nafasi haitoshi. Leo binti mmoja wa Mwakiro akasimama darasani. "Prof, nafasi iko," akasema. "Kama jina yangu haiko hapo, nani atajua mi niliimba?" Nikawapa karatasi. Mmoja akauliza kama waandike na mlima, nikamkatalia kwa sauti iliyowashtua wote, hata mimi mwenyewe.

Orodha iko mezani kwangu. Mpiga chapa anaisubiri kesho asubuhi, na ataendelea kuisubiri. Kesho napanda gari la Ryansoro. Nitabisha hodi, nitauliza. Kama nilisababisha kifo cha mtoto wa mtu, nataka nijue kabla sijachapa jina la mwingine. Ningekuwa na wewe ungenishika mkono tukaenda wote. Naogopa, mama. Naogopa sana.

Pumzika kwa rehema za Mungu.

Kifungua mimba wako