Shangazi na Neno la Mgeni wa Ufukweni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako nitaisikia moyoni tu, maana tulikuzika Misungwi mwezi uliopita na mimi, mtu wa kupiga kelele magazetini, nilishindwa kusema lolote kaburini. Acha niseme sasa.

Unaukumbuka mkutano ule wa ufukweni mwa ziwa, jirani na Kigongo? Soko huria lilikuwa limefunguliwa, na kila wiki mwekezaji mpya alishuka garini akiupima kwa macho mchanga mnaoanikia dagaa. Yule wa siku ile alisema, "We will keep this beach." Mkalimani nilikuwa mimi, mwenye shahada. Nikatangaza: "Watautunza ufukwe huu!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji akashika kalamu asaini mkataba.

Ukasimama, magamba ya dagaa mikononi. "Mwanangu, hujamaliza kutafsiri."

"Shangazi, keep ni kutunza."

"Sawa. Jikoni kwa masista nilikokuwa nikipika, ilikuwa pia kufuga kuku, na kuweka mkate kabatini. Lakini sista mmoja alinipa sweta lake akasema keep it. Likawa langu. Hakulidai tena."

Mama mmoja akacheka: "Msomi kapigwa na mpishi!"

Ukamuuliza mgeni, kwa Kiingereza chako cha jikoni, mkishasaini mtaanika dagaa wapi. Akainamia karatasi zake, kisha akajibu kwamba mtatafutiwa mahali pengine. Ulilitafsiri jibu hilo mwenyewe, polepole. Mwenyekiti akarudisha kalamu mfukoni.

Baadaye nilipekua kamusi nene mjini Mwanza, nikabaki mdomo wazi. Waingereza wenyewe hawajui kitenzi kile kilitoka wapi. Wanajua tu kwamba zamani kilimaanisha kukamata, na kukodolea kitu macho. Karne zote hizo kimevaa sauti ya upole, na wewe, ambaye hukuvuka darasa la nne, ulikivua nguo mbele ya kijiji kizima!

Wenzako bado wanaanika pale pale. Wakiletewa karatasi wananiita, nami nauliza mpaka wageni wananuna.

Nimewakaripia mawaziri na maprofesa. Sijawahi kukiri kwamba nusura niwapokonye wewe na wenzako ufukwe kwa tafsiri yangu, wala kwamba ulipomaliza uliketi ukaniambia, mbele ya wote, "Haya, mkalimani wetu, endelea. Mimi Kiingereza changu kimeishia hapo."

Lala, Shangazi. Ninaendelea.

Mtoto wa kaka yako