Ingobyi Iliyonifuata Mlimani

Murusagamba, Ngara

Dada Grace, shikamoo. Vidonge vyangu nameza saa mbili ile ile ya Voi, usiwe na wasiwasi.

Malori ya misaada ya wakimbizi yameichimbua barabara, kwa hiyo jana gari lilituacha chini ya mlima. Neema alikuwa amewaambia wakweze kwamba moyo wangu hupiga ovyo, basi nikakuta wanaume wanne wananisubiri na ingobyi, machela ya kusuka ya kubebea wagonjwa. Nikawaambia daktari ameniruhusu kutembea, mradi niende polepole. Mzee Petro, babamkwe wa Neema, akakunja uso. "Usije ukatufia njiani, Mama Neema. Basi ingobyi itakufuata nyuma."

Kila nilipofika penye kivuli cha migomba nilikaa, nikashika mshipa wa mkono na kuhesabu mapigo mpaka yakatulia. Mzee Petro hakukaa hata mara moja, eti yeye ni mtu wa milima.

Nilifika kwa miguu yangu, nikapokewa kwa vigelegele. Ingobyi ikafuata, Mzee Petro akiwa ndani yake, ametazama pembeni.

Wewe uliyesema nitarudi nimebebwa, niwekee mbaazi za nazi jikoni.

Mdogo wako akupendaye,
Mercy