Wageni Wako Walikula kwa Mama

Bunut Condong, Tumpat
Jumatatu asubuhi

Kwako mdogo wangu Fauzan,

Assalamu alaikum. Kutoa salamu ni sunna na kuijibu ni faradhi, kwa hiyo mzigo huo nimeshakutwika, utajua mwenyewe utautua wapi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na homa yako imepoa, ile homa iliyokushika ghafla asubuhi ya safari ikaishika na simu yako pia. Mimi sijambo. Mume wangu hajambo na anakusalimu, ingawa nilimkataza. Mvua imerudi tena na mto umejaa, lakini maji hayajafika kwenye ngazi za nyumba. Habari njema zimeishia hapo.

Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu una maneno ya asali, na mimi nikishasikia sauti yako nakuwa mjinga. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuandikia ujue kama nyumbani kwenu bado una pa kuingilia au huna. Soma mpaka mwisho, hata pale patakapokuchoma.

Uliniambia wageni wako, wateja wa mkahawa wako huko mjini, wanataka kuonja vibanda vya chakula visivyojulikana. Hilo peke yake lilinikera. Visivyojulikana na nani? Laksam ya Pak Da Leh, tambi zake nene za mchele kwenye mchuzi wa samaki, inajulikana na kila mwenye mdomo hapa Tumpat tangu wewe hujajua kufunga saruni ya kuswalia. Lakini nilikubali kuwaongoza. Kisha ukaniomba nisiwaambie kwamba mimi ni dada yako. Ulisema wageni wakijua ni mambo ya undugu wanadharau kazi. Nililiamini hilo pia. Nilikuwa nakuamini kila kitu, Fauzan, tangu ulipokuwa unakuja na magoti yenye damu ukasema ni mbuzi wa jirani.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama. Nilimwambia wageni wako wanakuja, na huenda ukaja nao. Sikuapa, nilisema huenda. Lakini sikukuu mbili za Idi zimepita hujakanyaga hapa, na mama alilishika neno hilo kama mtu anayeshika kamba kisimani. Siku ya Alhamisi alikwenda sokoni mwenyewe kumchagua jodari. Aliosha mchele, akaulowesha, akauchanganya na uwatu na vitunguu kama unavyoupenda, akaupika kwa mvuke, akaamka kabla ya adhana kuupika mara ya pili kwa tui zito. Nilimwambia hujathibitisha. Aliniambia niache uchuro.

Basi wageni wako walitua Ijumaa asubuhi. Kiongozi wao alikuwa Bi Marlina, mama mnene mwenye miwani mikubwa, mcheshi, moyo wake si mbaya, nalisema hilo kwa haki. Yule mwingine, Bwana Badrul, mwenye kamera, ni adhabu. Pale kwa Pak Da Leh, kabla hajakaa, alimwambia mzee avue shati lake avae saruni ya zamani ili picha ipate uasili. Mzee wa watu alimwangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani akamwambia, "Bwana, mimi nauza laksam. Siuzi sura. Ungetaka sura ungeoa." Watu wote kibandani walicheka, Badrul akanuna, akaanza kulalamika kwamba mchuzi unanuka samaki. Mchuzi wa samaki, Fauzan! Ulitaka unuke nini, marashi? Pak Da Leh aliondoa bakuli mezani na kuniambia nisimletee tena watu wanaokula kwa macho.

Kwa Mok Teh ndiko kulikoharibika kabisa. Unamjua, anachoma kuku wa kupakwa tui, na Ijumaa wanaume hupitia kwake kununua kitoweo cha nyumbani kabla ya kwenda msikitini. Badrul aliamuru kuku wote waliokuwa motoni wapangwe mezani kwake, wote, ili awapige picha moshi unapopanda. Hakuna aliyekula. Walikuwa wanagombana jua linatokea upande gani. Wanaume wa kijiji walifika wakakuta chano tupu. Mmoja wao, yule Jusoh mwenye trekta, alisema kwa sauti kwamba kumbe watu wa mjini siku hizi wanapanda ndege kuja kumnyang'anya maskini paja la kuku. Badrul akajibu kwamba yeye ni mteja kama wateja wengine. Jusoh akamwambia basi aswali Ijumaa na hao kuku, maana ndio waumini wake. Nikadhani watashikana mashati. Mok Teh hakungoja, alizoa sahani zote akawagawia wanaume wake, na mimi akanipa maneno mbele ya watu. "Rohaya, mwakani niletee mafuriko. Mafuriko angalau yanatangazwa redioni."

Tukatoka hapo na njaa na aibu. Nikawapeleka mahali pa tatu ulipopanga, pale pa wali wa buluu wa kutiwa rangi ya maua. Mlango umefungwa. Unajua kwa nini, au umesahau hata hilo? Mtoto mzima wa jimbo letu la Kelantan unapanga chakula cha mchana siku ya Ijumaa saa ya swala! Huko kwenu mjini Ijumaa ni siku ya kazi na maduka yako wazi. Huku ndiyo mapumziko yetu, na saa hiyo hata paka hapati wa kumtupia mwiba. Bi Marlina alisoma ratiba yako kwenye simu mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama bwana Fauzan kweli ni mtu wa huku. Badrul alikupigia, hukupokea. Aliniita mimi tapeli. Wanaume walikwenda msikitini, wanawake wakabaki garini na joto, na mimi nimesimama kwenye jua kama aliyefumaniwa, kwa ajili yako.

Waliporudi kutoka kuswali niliona hakuna njia nyingine. Nyumbani kulikuwa na chakula, na kilikuwa chako. Nikamwambia dereva ageuze gari.

Mama alikuwa mlangoni na nguo ile ya zambarau ambayo haivai ila kwenye harusi. Gari liliposimama hakuwaangalia walioshuka, aliangalia walio nyuma yao. Aliwasubiri wote washuke, kisha akainama kuchungulia ndani ya gari tupu. Akanivuta kando akaniuliza mwenye safari yuko wapi. Nikasema ana homa. Akasema, "Maskini mwanangu, na kule nani anamchemshia uji?" Akaingia jikoni, akakupakulia kwanza wewe kabla ya wageni, kipande cha tumbo la jodari unachokipenda, akakiweka kwenye hotipoti nikutumie kwa dereva wa basi. Nakuomba ulisome hilo tena.

Waliketi mkekani. Sikuwaambia ni kwa mama, kwa sababu ulinikataza. Nilisema ni kwa Mek Som, kama wateja wake wanavyomwita, mama mmoja wa hapa anayepika wali wa kuuza. Tonge la kwanza lilipoingia midomoni, kelele zote za asubuhi zilikwisha. Badrul aliweka kamera chini. Bi Marlina alikula akifumba macho, kisha akaniambia jambo ambalo nilidhani nimelisikia vibaya. Alisema wali huu una ladha ileile ya mkahawa wa Fauzan, ladha ya marehemu.

Nikamwuliza marehemu gani. Akasema, ala, kumbe sijui? Mama yake Fauzan. Akaanza kunisimulia, na wenzake wakimsaidia pale alipokosea, maana wote wanaijua hadithi. Kwamba unapita meza kwa meza umeshika kifua, unawaeleza wateja jinsi mama yako alivyofariki ukiwa kwenye mitihani, na neno lake la mwisho lilikuwa usisahau uwatu. Kwamba watu wanalia mpaka wanaagiza sahani ya pili. Uwatu, Fauzan! Hukuona haya hata kidogo, ukamtilia na uwatu mdomoni akiwa anakata roho!

Mama alikuwa amesimama nyuma yao na upawa mkononi. Alisikia kila neno. Nilifungua mdomo nipasue ukweli pale pale, wali uwamwagikie, safari iwaharibikie, liwalo na liwe. Akanitazama. Ni lile jicho lililokuwa likitunyamazisha msikitini tulipokuwa watoto. Nikajikuta nimefunga mdomo na umri wangu huu.

Na Bi Marlina, kwa wema wake, akasema kwa kuwa leo ni Ijumaa, na kwa kuwa tumekula chakula kinachofanana na cha marehemu, tumsomee Fatiha mama wa watu. Wote wakainua mikono. Mama akaweka upawa chini. Akafuta viganja kwenye nguo yake ya harusi, akainua mikono, akasoma nao. Alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, hakuruka hata moja. Alipomaliza akasema amina, akajipangusa uso.

Mimi sikuweza kusoma. Nilishindwa kabisa, Mungu anisamehe.

Bi Marlina akamwuliza kama alimjua marehemu, maana wote ni wa upande mmoja. Mama akasema alimjua sana. Akasema alikuwa na ulimi mkali na mtoto mmoja wa kiume aliyemdekeza kupita kiasi. Wageni wakacheka. Bwana Badrul, yule nduli, alisema mtoto huyo basi amelelewa vizuri, maana mpaka leo hamsahau mama yake. Mama akamwongezea mchuzi.

Wakati wa kuaga, Bi Marlina alimshika mikono, akamwomba awahalalishie walichokula na walichokunywa, kama desturi yetu ilivyo. Mama akasema ni halali yao, chote, hata kilichomwagika. Akawaombea safari njema. Gari lilipokata kona, alikwenda jikoni, akaifungua hotipoti yako, akaketi sakafuni akakila chakula chako chote, na tumbo la jodari. Nilimwuliza kama hana hasira. Aliniambia ni wangapi waliobahatika kusomewa Fatiha na watu wema wakiwa bado wana meno. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, Fauzan, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mama akilia kwa sauti, hata siku ya kumzika baba.

Nimefikiri sana kwa nini ulifanya hivi. Wala si sahani ya pili tu. Mama aliye hai anazeeka, anauliza utakuja lini, anapiga simu wakati una watu wa maana. Marehemu hasumbui. Unamtaja unapotaka, unamnyamazisha unapotaka. Umejitafutia mama rahisi.

Sasa nikuambie nililolifanya mimi, usije ukalisikia kwa wengine. Mama alininyamazisha nyumbani kwake, lakini uwanja wa ndege si nyumbani kwake. Jana, safari yao ilipokwisha, nilipokwenda kuwaaga huko, nilimvuta Bi Marlina kando nikamwambia yule mpishi ni nani, na mimi ni nani. Aliketi juu ya sanduku lake. Alilia, kisha akasimama akitaka kurudi akamwombe mama radhi, ikabidi nimshike, ndege ilikuwa inaita. Aliniambia yeye na kundi lake huwa wanakula kwako kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo siku nyingine ukishika kifua mezani, tazama kwanza ni akina nani wamekaa. Sijutii. Na ukinikasirikia, kasirika, mimi nimekutangulia.

Mama hajawasha jiko la biashara tangu siku ile. Majirani wakiuliza anasema anapumzika. Leo asubuhi nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza waziwazi kama maziwa aliyokunyonyesha amekuhalalishia. Unajua mwenyewe mama akiyazuia hayo, mtoto hana pa kukimbilia, duniani wala akhera. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. Alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

Akasema, "Mwandikie hivi. Maiti hahalalishi kitu. Akitaka kuhalalishiwa, aje kwa aliye hai, upesi, na asije na wageni."

Wasalimie wapishi wako, sina ugomvi nao. Mume wangu anasema basi la kuja huku linaondoka kila jioni, kama huna ndege. Mama hakunipa salamu za kukuletea, nami sikumzulia.

Ni mimi dada yako,
Rohaya