Kwa Nini Bingwa Hakumla Yule Askari?

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hata kama jambo lenyewe ni la sataranji, maana nimemuudhi mtu mzima na sina raha. Mimi ni muuguzi hapa Gyumri, nachezea klabu ya mtaa wetu, na kila nikishika kete nyeusi huwa nimeharibikiwa kabla mchezo haujachangamka, ndipo mwalimu wangu, Varpet Razmik, akanipa mechi ya mabingwa wawili niisome, mechi iliyoisha sare. Nikamwambia, “Varpet, hawa hata hawakugombana.” Akajibu, “Unatazama walivyoachana, binti yangu. Tazama walivyoanza.”

Basi nikaisoma hata nikiwa napika, na kuna mahali pananisumbua mpaka leo: askari mweusi wa pembeni amebaki peke yake, malkia mweupe anaweza kumla bure, na yule bingwa hamli, anasogeza tembo tu. Kwa nini? Mume wangu Hovik alinikuta nimeduwaa sufuria ikiungua, akasema, “Umeolewa na mimi au na hao wawili?” Kumuuliza Varpet niliona haya, nikakariri tu hatua zote.

Jumamosi nikakutana na wifi yangu Zaruhi kugombea nafasi ya kwenda Yerevan na timu, na kila kitu kikaenda kama kwenye mechi ile, hadi tulipofika pale akamla askari. Akaniangalia. “Vipi wifi, somo limeishia hapo?” Nikachanganyikiwa, nikashindwa vibaya, na mbele ya watu nikamgeukia Varpet: “Umenifundisha sare, hata hiyo sikuipata.” Akavaa kofia yake akatoka, na klabuni hajarudi. Jumamosi hii narudiana na Zaruhi, na kura imenipa tena kete nyeusi. Je, niiache mechi hii nijifunze mitego ya haraka, kama wenzangu wanavyoniambia? Na kwa mzee niende na uso gani?

Nvard, Gyumri

Nvard, dada yangu, pole kwa kushindwa, lakini kwa Varpet umekosea. Mzee alikupa mechi uisome, wewe ukaikariri kama namba ya simu. Swali zuri ulikuwa nalo ukalificha kwa haya, kisha lawama ukaitoa hadharani. Hapo haya zilikwenda wapi?

Nimeipanga mechi uliyonitumia, nikamla yule askari mwenyewe. Mwanzoni nilijiona mjanja. Hatua chache baadaye malkia wangu alikuwa amebanwa kwenye kona, hana pa kutokea. Bingwa yule aliliona hilo kabla hajagusa kete, na mwenzake alijua kwamba ameliona. Waligombana sana, Nvard, ila wewe hukuwasikia. Namna ya kumbana malkia sikwambii, kwa sababu Jumamosi mimi sitakuwepo.

Mitego iache. Nenda leo kwa Varpet na mkate mtamu wa gata ukiwa bado wa moto, umwombe radhi, na siku ya mazoezi uyarudie maneno hayo mbele ya walewale waliokusikia. Kisha muulize lile swali. Ukirudi nyumbani, mkalishe Hovik upande wa nyeupe, amle askari kila mara, nawe utafute jibu kwa mikono yako mwenyewe. Mume aliyekaa ubaoni hana nafasi ya kulalamika. Na Zaruhi safari hii akiogopa kumla, akakunyooshea mkono wa sare, usiukatae kwa kiburi. Tazama ubao kwanza.